Jumla ya kilo 360: kisa cha kupanga malengo ya mashindano ya kwanza ya pawalifti

Utambulisho

Kisa hiki kinamhusu mwanamke mmoja aliyejiandaa kwa mashindano yake ya kwanza ya pawalifti katika daraja lisilotumia mavazi ya kusaidia. Yeye na kocha wake walinipa daftari la mazoezi, video na karatasi ya matokeo, wakakubali nikiandike kwa faida ya wengine. Nimeondoa jina, umri, mahali na tarehe. Nitamwita M.

Kwa msomaji mgeni wa mchezo huu: kuna minyanyuo mitatu, skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), benchi presi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali) na dedilifti (kuvuta chuma kutoka sakafuni), na kila mmoja una majaribio matatu. Uzito mkubwa uliokubaliwa katika kila mnyanyuo unajumlishwa. Katika daraja lisilo na mavazi ya kusaidia mtu anaruhusiwa singleti (vazi la kubana la kipande kimoja), mkanda wa kiuno, soksi za magoti na bendeji za vifundo vya mikono. Suti ngumu za skwati na mashati ya benchi, ambayo huhifadhi nguvu na kuirudisha, hayaruhusiwi. Mashindano ya M. yaliendeshwa kwa kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 1972.

M. na namba aliyokuja nayo

M. alikuwa amefanya mazoezi ya nguvu kwa zaidi ya miaka miwili, tena kwa nidhamu: kila seti imeandikwa, kila wiki ina tarehe. Alikuwa na uzito wa kilo 67 na kitu. Wiki kumi na mbili kabla ya mashindano alimwendea kocha akiwa na lengo moja tu, jumla ya kilo 360.

Ni rahisi kumwona kama mtu aliyejitakia makuu. Sivyo. Rekodi zake za jimu zilikuwa skwati kilo 130, benchi kilo 67.5 na dedilifti kilo 150, yaani jumla ya kilo 347.5. Kuongeza kilo 12.5 kwa miezi mitatu, akiwa na mpango mzuri na kocha, ni ombi la mtu mwenye busara. Hesabu yake ya kuongeza ilikuwa sawa kabisa. Kosa lilikuwa kwenye namba aliyoanzia, na nimeona kosa hilohilo kwa wanyanyuaji wengi wanaoingia jukwaani mara ya kwanza, ndiyo maana nikataka kisa hiki kiandikwe.

Alikuwa pia na wazo la kushuka hadi daraja la kilo 63, kwa sababu alisikia kuwa ushindani ungekuwa mwepesi huko.

Wiki ya vipimo

Kocha hakubishana naye. Alisema tu, "Tupime kwanza kama waamuzi watakavyopima, halafu tuzungumze." Katika wiki moja walifanya minyanyuo mitatu kwa siku tatu tofauti, kila mmoja kwa sheria za jukwaani.

Skwati ya kilo 130 ilionekana kwenye video ya zamani. Kanuni inataka sehemu ya juu ya paja, pale kwenye kiungo cha nyonga, ishuke chini ya kilele cha goti. Kwenye ile video nyonga ilibaki juu, na si kwa kiasi kidogo. Iliishia juu kwa kiasi cha upana wa kiganja. Kwa kina halali M. alifika kilo 117.5.

Benchi ya kilo 67.5 ilikuwa ya kugusa kifua na kurudi papo hapo. Jukwaani chuma lazima kitulie kifuani, mnyanyuaji asubiri amri ndipo asukume. Kwa kusubiri amri, alipata kilo 60.

Dedilifti ya kilo 150 alikuwa ameivuta kwa kamba za mkononi, ambazo hazikubaliki mashindanoni. Kwa mikono mitupu alivuta kilo 145.

Jumla halali: kilo 322.5. Tofauti na namba aliyokuwa akiiamini ilikuwa kilo 25, na hakuna hata kilo moja kati ya hizo iliyopotea kwa sababu ya udhaifu. Hazikuwahi kuwa zake kwa sheria za mchezo anaouingia.

Kocha aliangalia pia daftari ili ajue kama kipimo cha wiki ile kimesema kweli. Alitumia fomula ya Epley: zidisha uzito kwa moja jumlisha idadi ya marudio gawanya kwa 30. M. alikuwa na skwati ya kilo 100 kwa marudio matano, benchi ya kilo 52.5 kwa matano, dedilifti ya kilo 122.5 kwa matano. Fomula ilitoa takriban kilo 117, 61 na 143, jumla karibu 321. Njia mbili tofauti zikatoa jibu moja. Fomula kama hii inakubalika kwa seti za marudio machache. Ukiipa seti ya marudio kumi na tano itakupa namba ya kukufurahisha na kukudanganya.

Mazungumzo ya malengo

Hapa ndipo pana kazi ngumu, na kocha aliifanya vizuri kwa sehemu kubwa.

Swali la kwanza lilikuwa kasi. Daftari lilionyesha kwamba mwaka mmoja kabla, seti zake za marudio matano zilikuwa kilo 85, 47.5 na 107.5. Ukizigeuza kwa fomula ileile, ukuaji wake wa mwaka mzima ulikuwa kama kilo 41 kwenye jumla. Wiki kumi na mbili ni chini kidogo ya robo ya mwaka, kwa hiyo tarajio la haki lilikuwa kilo 10 hivi, labda 12 mambo yakienda vizuri. Kufika 360 kutoka 322.5 kulihitaji kilo 37.5, karibu ukuaji wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu.

Baada ya hapo waliacha kutaja jumla moja, wakapanga ngazi kwa kila mnyanyuo. Jaribio la kwanza liwe uzito ambao M. angeweza kuunyanyua mara tatu hata akiwa amelala vibaya. La pili liwe karibu na alichokwisha kukifanya. La tatu liwe lengo lenyewe, na lisiandikwe kwa wino hadi la pili lionekane.

Skwati: 110, 117.5, kisha hadi 122.5.
Benchi: 55, 60, kisha 62.5.
Dedilifti: 132.5, 142.5, kisha hadi 150.

Majaribio yote ya tatu yakifanikiwa jumla ni kilo 335. Yakiishia ya pili ni 320. Yakiishia ya kwanza ni 297.5. Kwa hiyo lengo lililoandikwa lilikuwa kati ya 320 na 335.

Sababu ya kuanza chini namna hiyo ni ya kikanuni. Ukishindwa uzito fulani huruhusiwi kushuka. Unaurudia au unapanda. Ukishindwa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja, huna jumla, umetoka. Anayefungua kwa kilo kubwa ananunua hatari ambayo haimletei hata kilo moja ya ziada, kwa sababu jumla inahesabu jaribio lake kubwa, si la kwanza.

Kwenye benchi palihitajika uangalifu wa pekee. Chuma hupanda kwa hatua za kilo 2.5. Kwa mtu mwenye skwati ya kilo 250, hatua hiyo ni asilimia moja. Kwa M. mwenye benchi ya kilo 60, hatua ileile ni zaidi ya asilimia nne. Majedwali yanayosambaa ya kupanga majaribio kwa asilimia yanadhani unaweza kuchagua uzito wowote. Mwanamke mwepesi hana nafasi hiyo, na lengo lake la benchi kwa miezi mitatu linaweza kuwa hatua moja tu. Hiyo si hofu wala kukosa ari.

Suala la kushuka kilo 63 lilimalizwa kwa dakika chache. Angehitaji kupoteza zaidi ya kilo nne, na kwa kanuni hizi upimaji wa uzito huanza saa mbili kabla ya mashindano. Hakuna muda wa kurudisha maji na chakula. Aliingia daraja la kilo 69 akila kama kawaida.

M. alikubali mpango. Baadaye aliniambia kwamba alikubali kwa mdomo, lakini 360 aliendelea kuibeba kichwani.

Wiki kumi na mbili

Wiki nne za mwanzo zilikuwa za seti za marudio manne hadi sita. Nne zilizofuata zilishuka hadi matatu, uzito ukapanda. Kuanzia wiki ya tisa walifanya rudio moja au mawili mazito, na wiki ya mwisho ilikuwa ya kupunguza kazi.

Benchi ilisimamishwa kifuani tangu siku ya kwanza, mwenzake wa mazoezi akitoa amri kila rudio. Ilipoonekana chuma kinakwama kati, kocha aliongeza siku ya tatu ya benchi kwa wiki, nyepesi. Ilisaidia.

Wiki ya sita M. aliugua mafua makali akakosa karibu wiki nzima. Kocha hakujaribu kufidia siku hizo. Alirudisha uzito wa wiki ya tano na kuendelea. Malengo hayakuguswa, kwa kuwa yalikuwa ni ngazi, na ngazi zina nafasi ya wiki mbaya.

Wiki ya tisa ilikuwa bora kuliko zote. Skwati kilo 115 kwa kina halali, akibakiwa na rudio moja la akiba. Dedilifti kilo 140, vivyo hivyo.

Wiki ya kumi, siku ambayo kocha hakuwepo, M. alipakia kilo 125 kwenye skwati. Alishuka juujuu, akainuka, na mgongo wa chini ukakaza. Hakumwambia kocha hadi siku ya dedilifti nzito ya mwisho, ile iliyopangwa kuwa kilo 142.5. Waliishusha ikawa 130. Mgongo ulipona upesi, lakini waliingia mashindanoni bila kujua dedilifti yake iko wapi.

Siku ya mashindano

Skwati ya kwanza, kilo 110, ilipanda kwa wepesi. M. alinyoosha magoti, akapiga hatua kuelekea raki (stendi ya chuma) kabla ya mwamuzi kutoa amri ya kurudisha chuma. Kila mmoja wa waamuzi watatu huwasha taa, nyeupe ya kukubali au nyekundu ya kukataa, na walio wengi ndio huamua. M. alipata taa tatu nyekundu.

Mnyanyuaji ana dakika moja tu ya kupeleka namba ya jaribio linalofuata. Ndani ya dakika hiyo M. alitaka 117.5, akisema uzito haukuwa tatizo. Kocha akaandika 110 tena. Taa tatu nyeupe. Jaribio la tatu aliweka 117.5, akaacha 122.5. Ilikubaliwa kwa taa mbili nyeupe na moja nyekundu, mwamuzi mmoja wa pembeni akitilia shaka kina.

Benchi: 55 safi, 60 safi. Kilo 62.5 ilifika juu, lakini makalio yalinyanyuka kutoka kwenye benchi katikati ya msukumo. Taa mbili nyekundu.

Dedilifti: 132.5 na 142.5 zilipanda bila kusita. Kwa wakati huo M. alikuwa na 117.5 na 60, na alijua kuwa 152.5 ingempa jumla ya 330. Aliiomba. Kocha akaandika 147.5. M. aliivuta kwa kasi karibu ileile ya 142.5.

Matokeo

Jumla ya kilo 325. Majaribio saba kati ya tisa. Ndani ya lengo lililoandikwa, upande wa chini.

M. alitoka jukwaani akiwa na furaha, na kesho yake akaishiwa nayo. Alilinganisha 325 na 322.5 ya wiki ya vipimo, akamuuliza kocha, "Wiki kumi na mbili kwa kilo mbili na nusu?"

Uchambuzi

Nianze na swali hilo, kwa kuwa jibu lake linagusa namna ya kupima lengo lolote la nguvu. Ile 322.5 ilikusanywa kwa siku tatu, kila mnyanyuo ukifanywa mwili ukiwa umepumzika, bila waamuzi, kwa jimu aliyoizoea. Ile 325 ilipatikana kwa siku moja: dedilifti ilikuja baada ya majaribio matatu ya skwati, matatu ya benchi, seti zote za kupasha mwili moto, na saa kadhaa za kusubiri. Zaidi ya hapo, kilo 147.5 haikuwa mwisho wa uwezo wake. Kuzilinganisha namba hizo mbili kana kwamba ni za aina moja ni kurudia kosa la 347.5 kwa upande mwingine. Kama wangetaka kulinganisha kwa haki, wangefanya zoezi la mashindano la siku moja mwanzoni mwa mpango, hata kwa uzito wa asilimia 90. Hilo halikufanyika, na nadhani lilipaswa kufanyika.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuanza na kipimo halali. Kocha angeweza kukata namba ya M. kwa mdomo, na wangebishana miezi mitatu. Badala yake M. aliiona mwenyewe kwenye video, nyonga juu ya goti. Baada ya hapo hapakuwa na wa kumlaumu.

Kurudia kilo 110 baada ya taa nyekundu kulikuwa uamuzi sahihi, ingawa M. bado hakubaliani. Kweli nguvu haikuwa tatizo. Lakini mtu aliyeshindwa jaribio la kwanza maishani mwake ana akili iliyotawanyika, na kama 117.5 ingeshindwa kwa kina, jaribio la mwisho lingebeba mashindano yote. Ile taa moja nyekundu kwenye 117.5 inaunga mkono pia kuachwa kwa 122.5: kwa kilo tano zaidi, kina kingekuwa cha mashaka zaidi.

Makosa mawili ya kiufundi yaliyomgharimu yote yalianzia mazoezini. Amri za benchi zilifanyiwa mazoezi kwa wiki zote, kwa sababu kila mtu huambiwa kuwa benchi ndiyo yenye amri ngumu. Amri za skwati zilianza wiki ya mwisho. Miaka miwili ya kurudisha chuma anapotaka haifutiki kwa siku nne. Kwa upande wa makalio, video zote za benchi zilipigwa kutoka upande wa kichwa, ambako mikono inaonekana vizuri na nyonga haionekani. Kilo 62.5 aliyoifanya mazoezini wiki ya kumi yawezekana ilikuwa na tatizo lilelile. Maana yake ni kwamba lengo la benchi lilijengwa juu ya rudio ambalo hakuna aliyelihakiki, kasoro ileile waliyoiondoa kwenye wiki ya vipimo ikarudi kwa mlango mwingine.

Dedilifti ya tatu ndiyo ninayoona ilikosewa jukwaani. Mpango uliruhusu hadi 150 na jaribio la pili lilikuwa jepesi. Kilo 152.5 aliyoitaka M. ilikuwa nje ya mpango na ilitokana na hesabu ya jumla, si na alichokionyesha. Kuikataa kulikuwa sawa. Lakini 147.5 ilitokana na wasiwasi. Kanuni za IPF huruhusu kubadili namba ya jaribio la tatu la dedilifti mara mbili, mradi mnyanyuaji hajaitwa kwenye chuma kilichopakiwa. Wangeweza kuandika 147.5, kurudia video ya jaribio la pili kwa utulivu, kisha kupandisha hadi 150.

Hata hivyo wasiwasi wa kocha haukutoka hewani. Hakuwa na dedilifti nzito ya wiki ya kumi na moja ya kumwongoza, kwa sababu ya ile skwati ya siri ya kilo 125. Na skwati ya siri ilitokana na mazungumzo ya malengo yaliyoishia nusu njia. Namba 360 ilionyeshwa kuwa haiwezekani kwa mashindano haya, kisha ikaachwa bila mahali pa kwenda. Hakuna aliyemwambia M. kwamba kwa kasi yake ya kilo 40 kwa mwaka, 360 ni lengo la haki kabisa kwa msimu unaofuata. Akaenda kuitafuta peke yake, siku ambayo kocha hayupo. Ningependa makocha wazingatie hapa zaidi kuliko kwenye asilimia za majaribio: namba ambayo mtu ameipenda inahitaji tarehe, la sivyo itajitokeza wiki ya kumi.

Mpango mpya wa M. tayari umeandikwa, kwa mashindano ya miezi minane ijayo. Unaanzia kwenye 325. Majaribio ya tatu ni skwati 130, benchi 65 na dedilifti 157.5. Amri za skwati zimo tangu wiki ya kwanza, kamera ya benchi imehamishiwa ubavuni, kwenye usawa wa nyonga, na wiki ya nne wamepanga zoezi kamili la siku moja, majaribio tisa, mwenzake wa mazoezi akiwa mwamuzi.